Maafa Si Soko



Nimeombwa nizungumzie chujio la maji la kubebeka, la kupelekwa palipotokea maafa, na kampuni changa ambayo vijana waliolibuni wanataka kuianzisha kwa ajili ya chujio hilo. Nitaanza na hesabu. Watu wa misaada ya kibinadamu duniani wana viwango vyao, vinaitwa Sphere, na humo mtu aliyekumbwa na maafa anatakiwa apate angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupikia na kujisafisha. Chukueni kambi ya watu 2,000, ambayo kwa mafuriko ya kwetu si kubwa. Inataka lita 30,000 kila siku. Chujio la ndoo linalotoa lita 30 kwa saa, likifanya kazi saa 10 bila kupumzika, linatoa lita 300. Hao ni watu 20. Basi kambi hiyo inahitaji machujio 100, na kila moja liwe na mtu wa kuchota, kumimina na kulinda foleni. Boza la lita 10,000 likipiga safari tatu limeshamaliza kazi hiyo yote, na dereva anakunywa chai.

Naona baadhi yenu mmeinamisha vichwa. Inueni, hesabu haijaisha. Boza linataka barabara. Halafu, katika zile lita 15, zinazoingia tumboni ni kama tatu tu; nyingine zinaogea, zinafulia, zinaoshea vyombo. Chujio likiachiwa maji ya kunywa peke yake, lita zile 300 zinatosha watu 100, na kambi yetu inahitaji machujio 20 badala ya 100. Hapo, vijana, mna bidhaa. Ni bidhaa ya maji ya kunywa, kwa siku zile ambazo boza halijafika. Mkiiongezea ahadi nyingine yoyote mtakuwa mnauza maneno.

Siku hizo zipo, tena si mbali na hapa Dodoma. Mwishoni mwa mwaka 2009 na kuingia 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake Kilosa, maelfu ya watu wakabaki bila nyumba, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yale yalikuwa ya huku kwetu. Mto Kinyasungwe unakusanya mvua ya Dodoma na Mpwapwa, unateremka nayo bondeni, na ukikaribia Kilosa watu wanauita Mkondoa. Tarehe 3 Desemba 2023, upande wa Mlima Hanang ulimeguka, tope na mawe na magogo vikashuka hadi Katesh mjini na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Aprili 2024 maji ya Rufiji yalizingira vijiji vya Rufiji na Kibiti hata boti ikawa ndiyo gari.

Lakini kisa ambacho ningependa kila mbunifu wa chujio akijue kwa undani ni cha Kagunga. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walivuka mpaka wakajazana katika kijiji hicho cha wavuvi mkoani Kigoma, kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima mikali. Gari halifiki. Makumi ya maelfu ya watu walilala ufukweni pale, ziwa lote lenye maji baridi likiwa mbele yao na choo hakuna. Wakawa wanakunywa ziwa lilelile walilolazimika kulichafua. Kipindupindu kikaingia, na kabla mwezi haujaisha wagonjwa walikuwa wamefika 3,000, waliokufa takriban 30. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inakwenda na kurudi kuwahamishia watu Kigoma mjini, safari baada ya safari, maana ilikuwa rahisi zaidi kuwaondoa watu penye maji mabaya kuliko kuwapelekea maji mazuri.

Angalieni kilichokosekana. Maji yalikuwepo, pengine kuliko mahali pengine popote Tanzania.  Kilichokosekana ni kitu kidogo cha kupita kati ya ziwa na mdomo, na mazoea ya kukitumia. Vivyo hivyo Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994, pale Wanyarwanda walipovuka kwa mamia ya maelfu wakapiga kambi juu ya miamba ya volkano, ambapo kuchimba kisima au choo ni kugombana na jiwe. Kipindupindu na kuhara damu viliua takriban watu 50,000 katika wiki chache, kando ya Ziwa Kivu.

Sasa tuje kwenye chombo chenu. Ndani yake mna nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati, na kuta za nyuzi hizo zina vitundu vya mikroni 0.1. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa mikroni moja hadi tatu. Hapiti. Mmelipima kwenye maabara kwa maji mliyoyatia vimelea kwa makusudi, likafaulu, na nawapongeza. Ila maji ya maabara yalikuwa maangavu. Mafuriko hayaleti maji maangavu.

Nimeweka hapa ndoo ya maji ya lambo. Wenyeji mnayajua, yana rangi ya chai ya maziwa, na ukiyaacha mpaka kesho bado hayajatulia, kwa sababu chembe za mfinyanzi ni ndogo mno kuzama zenyewe. Mimineni haya kwenye chujio. Lita za mwanzo zitatoka safi na kwa kasi. Baada ya hapo mkondo unakuwa uzi, uzi unakuwa matone. Chembe zimejipanga juu ya vitundu na kuviziba, na hakuna pampu ya kuzisukuma. Nguvu mliyo nayo ni uzito wa maji tu, na ndoo iliyoinuliwa mita moja haina nguvu nyingi. Dawa yake ni kurudisha maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano ili tope litoke. Na maji hayo safi yanatoka wapi? Ni yaleyale mliyokwisha kuyachuja, na nyuma yako kuna mama mwenye dumu anayekutazama ukiyamwaga.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulitoa tope kabla halijafika kwenye nyuzi. Njia zake ni za siku nyingi. Twaeni kipande cha shabu, ile inayouzwa sokoni kwa bei ya peremende, kiyeyusheni kwenye kikombe, mimineni kwenye ndoo, korogeni haraka kwa dakika moja kisha polepole kwa muda mrefu zaidi. Mtaona maji yanaanza kuwa na madoa, madoa yanaungana yanakuwa kama vipande vya pamba, halafu vinazama. Baada ya saa moja hivi juu ya ndoo kuna maji angavu na chini kuna uji wa udongo. Mbegu za mlonge zilizotwangwa zinafanya kazi hiyohiyo, na mlonge unaota Dodoma bila kubembelezwa. Ubaya wake ni kwamba mbegu inaacha mabaki yake ndani ya maji, hivyo yakilala yanaharibika. Yanywewe siku hiyohiyo. Ninavyoona mimi, chujio lenu linapaswa kutoka kiwandani likiwa na ndoo mbili: moja ya kutuliza, imeandikwa hivyo ubavuni, koki yake ikiwa juu ya kitako kwa upana wa kiganja ili isinyonye tope, na nyingine ya kupokelea. Bila ndoo ya kwanza, chombo hiki ni cha kiangazi.

Jambo la pili ni virusi. Kile cha homa ya ini aina ya A ni kidogo kuliko kitundu chenu zaidi ya mara tatu. Kinapita na hakuna wa kukizuia. Hapo mnahitaji klorini. Kidonge cha miligramu 67 kinatibu lita 20, dumu moja, unasubiri nusu saa. Nimesikia kwenye mazungumzo yenu klorini ikitajwa kama mpinzani, teknolojia ya zamani mnayokuja kuiondoa. Acheni hilo. Klorini kwenye maji ya tope inapotea bure, inamalizwa na uchafu kabla haijagusa vimelea. Ikiwekwa baada ya chujio inafanya kazi yake yote, na kiasi kinachobaki kinayalinda maji yakiwa njiani na nyumbani. Chujio halina ulinzi huo. Maji yakishatoka kwenye koki yenu hayana mlinzi tena.

Na hapo, kwenye ndoo ya nyumbani, ndipo vita vinaposhindwa mara nyingi. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, ambako walikuwa wakimbizi kutoka Msumbiji, watafiti waligawa kwa baadhi ya kaya ndoo zenye kifuniko cha kudumu na mdomo wa kumiminia, ndoo ambazo mkono hauwezi kuingia. Maji ya kisima yalikuwa yaleyale kwa wote. Dalili za kinyesi kwenye maji ya ndoo zile zilipungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kukapungua kwa asilimia 31. Kifuniko tu! Hakuna nyuzi, hakuna maabara. Nimewaona wabunifu wakitumia mwaka mzima kwenye kitundu cha chujio na mchana mmoja kwenye ndoo. Ndoo ndiyo anayoishika mtu.

Sasa nifike kwenye kampuni, maana naambiwa mmeshaandika mpango wa biashara na mteja wenu mkuu mmemwandika kuwa ni maafa. Hapa nitasema waziwazi. Maafa si soko. Katika maafa mnunuzi ni shirika au serikali, naye hanunui siku ya mafuriko. Ananunua kutoka ghala lililojazwa mwaka uliopita, kwa mtu anayemfahamu, bidhaa yenye alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kampuni inayongoja mafuriko itakuwa imekufa kwa kodi ya pango kabla mvua haijanyesha. Na hata mkiuza, mtakuwa mmeuza kitu ambacho anayekitumia hajawahi kukiona, usiku, mtoto analia, maelekezo yameandikwa kwa lugha ya kiwandani.

Yaliyotokea magharibi mwa Kenya yanafundisha. Mwaka 2011 kampuni ya Vestergaard iligawa bure karibu machujio 880,000 ya LifeStraw kwa kaya za huko, katika wiki chache, ikitegemea kurudisha fedha zake kwa kuuza hewa ya ukaa: watu wakichuja maji hawatachoma kuni kuyachemsha, na moshi usiopanda una bei yake. Ugawaji ulikwenda vizuri ajabu. Watafiti walipopita miaka miwili mitatu baadaye, walikuta ni takriban kaya moja katika kila tano inayosema bado inatumia chujio lake. Chombo chenyewe kilikuwa kinachuja vizuri. Ila kilikuja kama mgeni, na mgeni akikaa sana anawekwa uvunguni.

Linganisheni na kitambaa. Kule Bangladesh, mtafiti Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijijini kukunja sari kuukuu mara nne na kuichujia maji ya kunywa. Kitambaa hakizuii bakteria aliye peke yake; kinazuia wadudu wadogo wa majini ambao bakteria wa kipindupindu hupenda kujishikiza kwao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Miaka mitano baada ya mradi kuondoka, karibu theluthi ya wanawake walikuwa bado wanachuja. Theluthi si kubwa, najua. Lakini hakuna aliyekuwa anawalipa wala kuwakumbusha. Sari ilikuwa tayari nyumbani. Siwaambii mkauze khanga. Nawaonyesha tu jinsi kitu kilichozoeleka kinavyodumu.

Hapa nyumbani tunaye Dakta Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu, aliyesoma uzamivu Korea Kusini akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Chujio lake linaanza na mchanga, ambao kila mtu anaujua, kisha linaongeza malighafi za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya ubunifu wa kihandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Tuzo inasifiwa sana; mimi nasifu zaidi kilichofuata. Kampuni yake, Gongali Model, iliona kwamba kaya nyingi hazina uwezo wa kununua chujio zima, ikaweka vituo ambapo mjasiriamali ana chujio na jirani ananunua maji kwa ndoo. Chujio linafanya kazi kila siku, linajilipa, na fundi wake anaishi mtaa huohuo. Siku mambo yakiharibika, huyo fundi yupo tayari.

Kuna somo la pili kwa Hilonga, nalo linatuhusu watu wa uwanda huu kuliko wengine. Alichagua malighafi kwa kufuata maji. Maji ya chini ya ardhi ya Dodoma na Singida yanapita kwenye miamba ya kale ya matale. Mahali pengi yana chumvi, mahali pengine floridi, na karibu na makazi yaliyosongamana yenye vyoo vya shimo kuna nitreti. Vitu hivi vimeyeyuka ndani ya maji. Vitundu vyenu vya mikroni 0.1 havivioni kabisa. Kiwango cha floridi kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekunywa maji yaliyozidi hapo sana kwa miaka anapata meno ya kahawia, tena yakizidi zaidi mifupa inapinda. Kwa wiki mbili za mafuriko hilo halina uzito, kipindupindu kinaua kwa saa. Lakini kama nawashauri kuuza chujio la kila siku, basi lazima niwaambie pia: andikeni ubavuni, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwamba halitoi chumvi wala floridi. Kila Nanenane kwenye viwanja vyetu hivi vya hapa Nzuguni kuna banda lenye chupa ya mchanga na mkaa, na kuna kiongozi anayeombwa anywe glasi mbele ya kamera. Anakunywa, anatabasamu, tunapiga makofi. Hakuna anayeuliza hayo maji yalikuwa na nini ambacho hakionekani.

Basi chujio la kila siku likae wapi? Pendekezo langu ni shule. Hanang, baada ya tope, shule ziligeuzwa kambi. Ni hivyo karibu kila mahali: shule ina paa, ina uwanja, ina vyoo japo vichache, na kila mtu kijijini anaijua njia ya kwenda huko. Kambi tunazijua tangu leo, zina majina na walimu wakuu. Shule nyingi za vijijini mkoani kwetu zinapika uji au makande kwa maji ya lambo au ya kisima cha mchangani kwenye korongo, wakati wa masika yenye tope na wakati wa kiangazi machache. Wekeni hapo seti tano: ndoo ya kutuliza, chujio, ndoo ya kifuniko. Mpishi anajaza asubuhi. Wanafunzi wa zamu wanasafisha nyuzi kwa bomba la sindano kila Ijumaa, na wa darasa la sita anamfundisha wa darasa la tano. Mkifanya hivyo miaka mitatu mfululizo mtakuwa na watoto mamia wanaojua kulizibua chujio lililojaa tope, nao ndio watakaokuwa kwenye kambi hiyo siku mafuriko yakija, pamoja na mama zao.

Nani alipe? Halmashauri, kamati ya shule, na wafadhili kwa sehemu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka maandalizi yafanyike kabla, na kamati za maafa zinashuka hadi kijijini. Mkienda kwenye kamati ya wilaya msipeleke chujio la maafa. Pelekeni chujio la shule lenye ratiba ya matengenezo, na orodha ya shule zilizo kwenye mabonde ya Kinyasungwe. Wao ndio watakaosema kuwa hili linafaa pia wakati wa mafuriko, na wakilisema wao lina nguvu kuliko mkilisema ninyi.

Kabla ya kuwapa nafasi ya maswali, jambo moja la ufundi. Koki ya mfano wenu imeagizwa kutoka nje na ina nyuzi za skrubu za kipekee. Badilisheni. Koki ya nusu inchi ipo duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Majengo, Dodoma mjini, na washa yake ipo hata kwa fundi wa baiskeli Hombolo. Nyuzi za ndani mtaendelea kuziagiza, hilo halina ujanja kwa sasa, lakini nyuzi zinadumu miaka zikitunzwa. Koki inavunjika Jumatatu. Mwalimu mkuu akiambiwa angoje kontena, ataifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, itavuja, na ndoo itarudi kuchotewa kwa kikombe.